Kuku Analia Kwenye Koti la Baba Mkwe

Haya, nimezisoma barua zenu zote. Wengi mnataka kujua jambo moja tu: Alpay aliitema ile kahawa au hakuitema? Maana wiki iliyopita nilimwacha pabaya, kikombe cha kahawa ya chumvi mdomoni, simu ikitetemeka mfukoni, na baba wa mchumba akimkodolea macho.

Hakuitema. Aliimeza yote.

Wewe uliyelichukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikupe ya nyuma haraka haraka. Alpay ni kijana wa ofisini katika kiwanda cha sofa hapa mjini kwetu Kayseri. Ameandika programu inayonunua na kuuza hisa za New York yenyewe. Dalali wake wa mtandaoni huwafungulia wateja mlango maalumu: unapewa ufunguo wa siri, programu yako inaingia, inaagiza, inatoka, na wewe uko zako unakunywa chai. Alpay akaipa jina la Kuku, kwa kuwa alitaka kitu cha kumtagia huku yeye akifanya mengine.

Alhamisi hii jioni amekuja na mama yake, Bi Nezahat, na ami yake, Mzee Tahsin, kumposa Berna. Babake Berna ni Mzee Vedat, sonara, mtu ambaye kwake mali ni ile unayoweza kuijaribu kwa meno. Kabla hata ya kahawa alimuuliza kijana, "Ule upuuzi wako wa kompyuta umeuacha?"

Alpay akasema ameuacha. Uongo mtupu, na nyinyi mnajua.

Basi akameza. Chumvi ilimpanda hadi puani, machozi yakamlenga, lakini alijikaza kisabuni na kutabasamu.

"Vipi kahawa, mwanangu?" aliuliza Bi Mukaddes, mamake Berna, huku bangili zake sita zikigongana mkononi.

"Tamu, mama. Ningeomba ya pili, ila naona haya."

Berna, aliyesimama mlangoni na sinia, alijiziba mdomo kwa kiganja. Yeye ndiye aliyetia ile chumvi, kijiko baada ya kijiko, maana kwetu binti humpima mposaji hivyo, na alimpenda zaidi kwa uongo ule mmoja. Ule mwingine alikuwa hajaujua.

Simu ikatetemeka tena.

Alpay alijua maana yake. Kuku alikuwa anauliza swali. Kila kabla ya kununua au kuuza kwa wingi, Kuku humtumia ujumbe: ninunue, ndiyo au hapana? Na hapa ndipo kijana wetu alipojikaanga mwenyewe. Kiwandani bosi hataki kuona simu mezani, kwa hiyo Alpay aliiagiza programu hivi: nisipojibu kwa dakika kumi, hesabu kimya changu kuwa ndiyo. Kwetu hapa binti akiulizwa kama amemridhia fulani, akainamisha kichwa bila neno, wazee husema amekubali na sharubati inaletwa. Alpay kalelewa humo humo. Akampa na Kuku adabu ya nyumbani.

Sasa niambie, mposaji anatoaje simu mbele ya baba mkwe? Mposaji hukaa magoti pamoja, mikono juu ya magoti, macho kwenye zulia. Afadhali angetoa jino.

"Ami," alinong'ona, "naomba nikanawe mikono mara moja."

"Umenyunyiziwa marashi mikononi ulipoingia, unanawa nini tena?" Mzee Tahsin alimfinya paja. "Tulia hapo! Naanza."

Akakohoa, akarekebisha tai, akainua kidevu. Ombi la posa alikuwa akilifanyia mazoezi tangu Jumatatu.

"Mheshimiwa Vedat, kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na kwa kauli ya Mtume wake..."

"Koo-ko-ko-ko-KOOO!"

Mzee Tahsin akabaki mdomo wazi. Bi Nezahat akachungulia chini ya sofa.

"Jamani, mnafuga kuku ghorofa ya tano?"

"Sisi?" Bi Mukaddes alishangaa. "Hata paka hatuna!"

Alpay akajipapasa mfukoni haraka. Lakini ngoja kidogo. Simu yake yeye aliitia kimya, haiwezi kulia. Na sauti ile anaijua. Aliirekodi mwenyewe kwa bibi yake kule Develi, kuku wa bibi akitoka kutaga, na mwishoni kabisa bibi anasikika akipiga chafya. Chafya nayo imesikika! Sauti hiyo haipo popote duniani ila kwenye programu yake, na kwa wateja wachache wanaomlipa kila mwezi ili waitumie. Wateja hao hawajui jina lake, naye hajui yao. Mtandaoni wanamwita Fundi Kuku, basi.

Akainua macho taratibu kutoka kwenye zulia.

Sauti ilikuwa imetoka kwenye koti la Mzee Vedat.

Mzee mzima alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. "Ni kengele ya duka," alisema. "Ya wezi."

"Baba," Berna alisema kutoka mlangoni, "kengele ya wezi inataga?"

"Usinijibu mbele ya wageni! Alpay, mwanangu, inuka. Njoo barazani nikuonyeshe mlima Erciyes."

"Giza limeshaingia, Vedat," mkewe alimkumbusha. "Mlima gani utaonekana saa hizi?"

"Kwani mlima huwa unaondoka? Inuka, kijana!"

Wakatoka. Mzee Vedat akaufunga mlango wa vioo nyuma yao. Barazani palikuwa na mitungi ya achari na beseni la pilipili zilizoanikwa. Wakabanana katikati, wakitazamana kama wezi waliokutana kwenye dirisha moja.

"Sauti hii unaijua," alisema mzee.

"Naijua. Ni kuku wa bibi yangu."

"Kwa hiyo Fundi Kuku ni wewe!"

"Na wewe mzee wangu ni nani kati ya wateja wangu?"

Mzee Vedat akatazama pilipili. "Simba wa Erciyes."

Alpay akaruka. "Simba wa Erciyes? Wiki iliyopita uliniita punda asiye na shule!"

"Nilikuwa sijajua kuwa wewe ni mkwe."

"Ukasema mama yangu alikosea kunizaa!"

"Basi yaishe, nimeshasema! Angalia hii simu, mimi miwani yangu iko ndani."

Alpay akaipokea. Alisoma mara moja, akasoma tena, na ule mzaha wote ukamtoka usoni.

Mzee Vedat alikuwa amemwagiza Kuku anunue mfuko wa dhahabu, zile hisa za New York zinazopanda na kushuka pamoja na bei ya dhahabu. Leo bei imeshuka tangu soko lifunguliwe. Kuku, kwa hesabu zake, akaona ni rahisi, akaomba ruhusa ya kuongeza. Mzee alikuwa kwenye kiti cha heshima anapokea wageni, akahisi mtetemo tu, hakujibu. Kimya ni ndiyo, hata kwa wateja. Bei ikashuka zaidi, Kuku akaomba tena. Kimya. Mara ya tatu akanunua kwa pesa za kukopa kutoka kwa dalali mwenyewe, na mkopo ukishaanza Kuku haombi tena kwa mtetemo, analia.

"Mzee, nani aliyekuruhusu kuwasha kitufe cha mkopo?"

"Wewe! Nilikuandikia nikakuuliza, ukanijibu, 'Simba haogopi.'"

Alpay alikumbuka. Alikuwa amekasirika kwa kuitwa punda, akajibu kwa dharau, akaenda kulala. Aliona aibu hadi shingo ikamuwasha. Akabonyeza hapana haraka haraka, kwenye simu ya mzee na kwenye yake.

"Nimemzuia asiongeze. Lakini alichonunua amekwisha kununua. Na bei ikiendelea kushuka, dalali atachukua kila kitu kufidia mkopo wake." Akapunguza sauti. "Lakini mzee, una duka zima la dhahabu. Ya nini kununua dhahabu ya kwenye skrini?"

"Ya dukani imekaa tu! Ya kwenye skrini niliona inapanda nikinywa supu, inapanda nikivaa viatu..."

"Na pesa za kuanzia ulizitoa wapi?"

Mzee aligeuka akatazama ndani kupitia kioo. Bi Mukaddes alikuwa anammiminia chai Bi Nezahat, mkono umenyooka, bangili zinameta chini ya taa.

"Unaziona zile?"

"Nzuri sana," alisema Alpay. "Zinang'aa."

"Lazima zing'ae. Za kweli niliziuza mwezi wa Shaabani; hizi nilizichovya dhahabu mwenyewe. Ndani ni shaba."

Alpay akakalia mtungi wa achari. "Mama anajua?"

"Angejua, leo mngekuwa mmekuja matangani." Mzee Vedat alimshika begani. "Sikiliza. Mara mbili umeleta watu hapa na mara mbili nimewarudisha. Leo nakupa binti, sasa hivi, chai haijapoa. Wewe funga mdomo tu. Ukisema, na mimi nitasema mbele ya ami yako kwamba umenikalia hapa ukanidanganya kuwa kompyuta umeiacha. Tutaona nani atakupa binti mji huu."

Jamani, Alpay anampenda Berna mpaka anaumwa. Kila jioni anapita njia ndefu kurudi nyumbani ili tu aone kama taa ya chumba chake inawaka. Mara ya pili aliporudishwa, alikaa siku tele hawezi hata kula mantı za mama yake, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama, na mtu wa Kayseri akikataa mantı, ujue ndugu wanaanza kutafutana kwa simu.

"Nafunga," alisema.

Msimtukane. Au mtukaneni, lakini kwanza mjiulize nyinyi mngesemaje.

Mlango ukafunguliwa, Mzee Vedat akaingia kifua mbele. "Nimekubali!"

"Umekubali nini?" aliuliza Mzee Tahsin. "Mimi nilikuwa nimefika kwa Mtume tu!"

"Umesema vizuri sana. Isomwe Fatiha."

Ikasomwa. Bi Nezahat akalia, Bi Mukaddes akalia, wakakumbatiana wakalia pamoja. Alpay na Berna wakabusu mikono ya wazee. Pete mbili zililetwa kwenye sinia, zimeunganishwa kwa utepe mwekundu kama ilivyo desturi. Moja ikaingia kidoleni mwa Alpay, nyingine kidoleni mwa Berna, utepe ukaning'inia kati yao, na Berna akamtazama kwa furaha hadi kijana akashindwa kumtazama machoni.

Mzee Tahsin akainua mkasi wa kuukata utepe ili uchumba utimie, akaujaribu hewani, akatikisa kichwa. "Loo! Mkasi umegoma. Hauna makali kabisa." Wote wakacheka. Mkasi wa posa huwa haukati mpaka upewe chochote. Bi Nezahat akafungua pochi yake.

"Ngojeni kwanza!" alisema Bi Mukaddes.

Alikuwa ameshavua bangili moja.

"Hizi alinivisha mama mkwe wangu kwa mkono wake, Mungu amrehemu. Nataka na binti yangu avishwe na mama mkwe wake. Nezahat, dada yangu, chukua umvishe."

Mzee Vedat alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Bi Nezahat akaipokea. Sasa, Bi Nezahat ni mwanamke wa upatu wa dhahabu. Kila mwezi yeye na wenzake hukusanyika nyumba kwa nyumba, kila mmoja na sarafu yake ya dhahabu ya kumpa mwenyeji, wakila keki na kusengenya. Dhahabu imepita katika kiganja chake tangu alipoolewa.

Bangili ilipotua kiganjani, tabasamu lake likaisha. Akaipandisha na kuishusha kidogo.

"Mukaddes, hizi huwa unazivua?"

"Sizivui hata kuoga. Mwezi wa Shaabani tu Vedat alizichukua akazisafishe."

Bi Nezahat alimgeukia mwenye nyumba, sauti ya chini, adabu tupu. "Mzee Vedat, ulizisafisha mpaka ukafikia wapi?"

Na Mzee Vedat, mtu mzima, mwenye duka, mwenye masharubu, akanyoosha kidole.

"Muulizeni mwanenu! Yule kuku ni wake!"

Makubaliano ya barazani hayakudumu hata kikombe kimoja cha chai.

Yakatoka yote, vipande vipande. Kuku, New York, dhahabu ya skrini, shaba. Bi Mukaddes alikaa polepole kwenye kiti. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliugeuza mkono wake, akazitazama zile tano zilizobaki.

"Nilikuwa naziona nyepesi," alisema. "Nikadhani nimepata nguvu."

Hakuna aliyeweza kumtazama. Mzee Vedat alianza kulia, na ninawaambia ukweli, alistahili.

Berna alikuwa hajasogea. Utepe ulikuwa bado umewaunganisha kidole kwa kidole, kijana hana pa kukimbilia.

"Alpay. Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Mzee asingekuwa na ushahidi, barazani walikuwa wawili tu. Nilimwona akifungua mdomo, na hata mimi ninayewasimulia sikujua atasema nini.

"Nilijua. Niliambiwa kule nje."

"Ukaingia hapa, ukanyoosha kidole, nikavishwa pete na wewe."

"Niliogopa kukukosa."

"Na kompyuta umeiacha?"

"Sijaiacha. Nimemdanganya baba yako, na ushauri uliommaliza ni mimi niliyempa."

Mzee Tahsin akashusha mkasi. "Basi tuondoke," alisema taratibu. "Binti, samahani sana. Nyoosha mkono niwatenganishe."

"Ami, nipe huo mkasi."

Akampa. Berna akautazama, akautupa juu ya kabati la vyombo, kule ambako hata Alpay hafikii bila kiti.

"Hakatwi mtu hapa. Utepe huu utakatwa bangili za mama zikirudi mkononi mwake. Kabla ya hapo huyu hatoki, na pete sivui." Akaanza kutembea. Alpay akamfuata, afanyeje, amefungwa. "Baba, lete simu yako na kiti."

"Tunaenda wapi, mwanangu?"

"Jikoni. Kuna meza, na intaneti inashika vizuri."

Wakaketi kwenye meza yenye unga, sinia la mantı limesukumwa pembeni. Alpay alikuwa anaandika kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa wa Berna. Ndiyo kwanza amefungua akaunti ya mzee, simu ikapiga kelele.

"Koo-ko-ko-ko-KOOO!" Na chafya ya bibi.

"Anataka nini sasa?" aliuliza Berna.

Alpay alisoma. "Bei inashuka tena. Anauliza auze vyote."

"Asiuze!" Mzee Vedat alisimama. "Akiuza sasa, hasara ni ya milele! Bei itapanda!"

"Auze!" Alpay naye akasimama, Berna akavutwa kidole. "Akiuza sasa, zinarudi pesa za bangili mbili hivi. Akisubiri na bei ishuke, dalali anachukua zote!"

"Na ikipanda?"

"Ikipanda, zinarudi zote sita," alikiri Alpay.

"Nani kati yenu anajua itakuwaje?"

Wanaume wawili walitazamana.

"Nani kati yenu bangili ni zake?"

Berna akageuza shingo kuelekea mlangoni. "Mama! Njoo jikoni."

Bi Mukaddes akaja, macho mekundu, zile tano za shaba zikigongana mkononi, na Bi Nezahat amemshika kiwiko. Berna akamwekea simu mbele yake.

"Mama, bangili ni zako. Hapa ni ndiyo, auze. Hapa ni hapana, asubiri. Ukinyamaza, atauza mwenyewe. Dakika zinakwenda."

"Mukaddes, nakusihi, usiguse..." alianza Mzee Vedat.

"Wewe nyamaza!" Sauti ilikuwa kali hadi kijiko kikaanguka. "Zilipotolewa mkononi mwangu sikuulizwa. Zilipouzwa sikuulizwa. Zilipopelekwa huko New York sikuulizwa. Sasa nimeulizwa. Nileteeni miwani yangu."

Mzee Vedat alikimbia kuifuata, kandambili moja ikamvuka njiani.

"Mama, haraka," Alpay alisihi. Kwenye skrini namba ilikuwa inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena.

Bi Mukaddes akavaa miwani. Akajifuta unga kidoleni kwa aproni, akaisogeza simu karibu, akaanza kulisoma swali tangu mwanzo, neno kwa neno, bila haraka yoyote.